Trekta lililozoea Kilombero linagoma Makete: betri ya tatu, au pampu?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa viazi huku Makete. Mwaka jana nilinunua Massey Ferguson 135 kutoka Kilombero, ambako lilikuwa likilima mashamba ya mpunga, na kule nililiona kwa macho yangu likiwaka kwa kugusa tu. Hapa kwetu tangu Mei asubuhi ni vita. Stata inazunguka kwa kujivuta, moshi mweupe unatoka, halafu basi. Siku nyingine inalia 'tk' tu. Jua likipanda, saa nne saa tano hivi, linawaka. Nimeshanunua betri mbili za N70. Fundi wa kwanza alitoa dainamo akafunga alteneta ya gari dogo pamoja na swichi ya ufunguo ya gari. Sasa taa ya chaji haizimi kabisa, inabaki na mwanga hafifu. Fundi wa pili anasema pampu ya dizeli imekufa, ishushwe ipelekwe Mbeya. Vijana wangu wanaweka makaa chini ya sampu, lile bakuli la oili, ndipo liwake. Ninunue betri ya tatu au nipeleke pampu?"

Marahaba, na pole sana. Kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo mawili. Betri usinunue, na pampu iache palepale ilipo. Kabla hujaendelea kusoma, tafuta mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini inayouzwa madukani na waya mwekundu na mweusi. Bila mita tutabahatisha, na wewe umeshabahatisha mara mbili kwa bei ya betri.

Neno moja katika barua yako limenipa nusu ya jibu: moshi mweupe. Stata ikiwa inazunguka na bomba likatoa moshi mweupe, hiyo ni dizeli iliyofika ndani ya silinda, ikakosa joto la kuiwasha, ikatoka nje kama mvuke. Pampu iliyokufa haitoi moshi. Ungezungusha injini na bomba likabaki kavu, hapo ningekuuliza habari za mafuta: kitufe cha kuzimia kimerudi ndani, filta ikoje, kuna upepo kwenye mabomba. Tena pampu ya dizeli ya CAV, ya aina iliyo kwenye 135, ikichoka, kwa kawaida huonyesha uchovu wake injini ikiwa ya moto: dizeli imekuwa nyepesi, inapenya kwenye sehemu zilizolika, stata inazunguka vizuri kabisa lakini injini haishiki. Lako ni kinyume, linagoma likiwa la baridi na kukubali likipata jua. Aliyesema pampu imekufa hakuangalia bomba la moshi.

Sasa tuje kwenye Kilombero. Injini ya trekta lako, Perkins ya silinda tatu, haina plagi za cheche. Inawaka kwa sababu pistoni inaibana hewa zaidi ya mara 17 na hewa iliyobanwa ghafla hupata moto wa kutosha kuiwasha dizeli. Kwa hiyo joto linategemea mambo matatu: hewa ilikuwa ya joto gani ilipoingia, ilikuwa nyingi kiasi gani, na ilibanwa haraka kiasi gani. Ifakara ipo tambarare, mita 300 hivi juu ya bahari, na asubuhi ya baridi kule wewe ungevua sweta. Makete ipo juu ya mita 2,000, na mwezi wa Juni na wa Julai unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani. Hilo kila mtu analijua. Ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba kwenye mwinuko huo mgandamizo wa hewa umepungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Silinda ileile inameza hewa pungufu, tena ya baridi. Ikiwa stata nayo inajivuta, joto linapotelea kwenye kuta za chuma kabla pistoni haijafika juu.

Ndiyo maana aliyekuuzia huenda hakukudanganya. Kilombero trekta lilikuwa na akiba. Waya ulioliwa kidogo na kutu, hita isiyofanya kazi, oili nzito, ringi za pistoni zilizoanza kuchoka: kule vyote vilifunikwa na joto. Makete imekula ile akiba, na sasa kila kasoro ndogo inadai chake. Kwa hiyo usitafute ugonjwa mmoja mkubwa. Ninavyoyajua matrekta haya, utakuta vitatu au vinne vidogo vimekaa pamoja.

Anza na betri, lakini kwa kipimo. Jioni baada ya kazi zima trekta, liache lilale. Asubuhi kabla hujagusa ufunguo, weka mita kwenye vichwa viwili vya betri vyenyewe, yaani ile risasi, si kwenye vibanio. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, na 12.0 imekaribia kuisha. Andika namba hiyo. Kisha vuta kitufe cha kuzimia ili injini isiwake, mtu mmoja azungushe stata kwa sekunde 5 hadi 10, wewe ukiwa umeshikilia mita palepale kwenye risasi. Haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6.

Namba hizo mbili ukiziweka pamoja zinasema mengi. Kama betri ilianza na 12.6, ikabaki juu ya 11 wakati wa kuzungusha, na stata bado inajivuta, basi betri ina nguvu lakini nguvu haifiki: nyaya, vibanio, ethi (waya wa betri unaofungwa kwenye bodi), au mguso ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa ya stata. Kama ilianza na 12.6 ikaporomoka hadi 8, ama betri yenyewe ni dhaifu, ama stata inakula kupita kiasi, ama injini ni nzito kuzungusha. Na kama ilianza na 12.1, basi usiku kuna kitu kinainyonya au mchana haichajiwi. Betri zako mbili naziwekea shaka hapo kwenye 12.1, kwa sababu ya ile taa yako ya chaji. Tutarudi kwayo.

Kwanza nyaya, maana hapo ndipo watu wanapokosea zaidi. Stata ya injini hii ikizungusha asubuhi ya baridi inavuta ampia 200 na zaidi. Kwa ampia 200, mahali penye ukinzani wa omu moja ya mia tu panakunyang'anya volti 2 nzima. Omu moja ya mia mita yako haiwezi hata kuiona. Taa zitawaka vizuri, honi italia, na fundi atakuambia nyaya ni nzima. Kwa hiyo hupimi ukinzani, unapima volti zinazopotea wakati mzigo upo. Weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa stata wenyewe, pakwangue hadi chuma king'ae. Zungusha. Ikisoma zaidi ya 0.3, ethi ni mbovu. Kisha weka kwenye risasi ya chanya na ile nati kubwa ya stata. Ikipita 0.5, waya wa chanya au vibanio vyake vina tatizo. Ukitaka kumjua mkosaji, zungusha mara mbili tatu halafu pita na mkono: kiungo kilicho cha moto ndicho.

Nikupe mfano mmoja. Kuna mkulima upande wa Njombe aliniita kwa trekta kama lako. Waya wa ethi ulikuwa mpya, mnene, umefungwa kwa bolti mpya inayong'aa. Ukiutazama hutaugusa. Mita ikasoma volti 1.8 kati ya betri na stata. Nikaifungua ile bolti, na chini ya washa nikakuta rangi nyekundu nzuri kabisa, mzunguko mzima, bila hata mkwaruzo. Trekta lilikuwa limepakwa rangi upya kabla ya kuuzwa na waya ukafungwa juu ya rangi. Umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye hesi tatu za bolti. Nilikwangua kwa kisu eneo la ukubwa wa sarafu, nikapaka grisi, nikafunga. Stata ikazunguka hadi mwenye trekta akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameshanunua stata nyingine na iko kwenye boksi mpaka leo.

Matrekta yaliyopakwa rangi ili yauzwe ni mengi. Lako likiwa jekundu la kupendeza, anzia hapo.

Unene wa waya nao uuangalie. Waya wa gari dogo hautoshi. Unataka ule ambao shaba yake peke yake ni milimita za mraba 50 au zaidi. Na betri ya N70 kwa injini hii katika baridi ya Makete ni ndogo. Kilombero ingetosha. Siku betri hizi zitakapokufa kwa haki, weka N100. Betri ya sola usiweke hata ukipewa bure: imetengenezwa kutoa kidogo kidogo usiku kucha, haiwezi kutema ampia 200 kwa mkupuo. Na kama betri ya trekta ndiyo inayokwenda nyumbani usiku kuwasha televisheni, nisamehe, lakini barua yote hii haina kazi.

Ile "tk" moja bila kuzunguka ni mtoto wa mambo hayohayo: solenoidi imepata umeme wa kuivuta, lakini mguso wake umeliwa au volti zimeshuka mno. Ukimya kamili bila hata "tk" ni jambo jingine. Hapo angalia wenzo wa hai na lo, yaani wa gia za kasi na za polepole, uwe katikati, kwa sababu 135 ina swichi ya usalama kwenye giaboksi inayokataa stata trekta likiwa kwenye gia. Hapa nasimama kidogo. Najua mafundi wengi, na nimefanya mwenyewe nikiwa kijana, wanaweka bisibisi au spana kwenye nati za stata ili iwake. Ukifanya hivyo swichi ya usalama umeiruka, na umesimama chini, mbele ya tairi la nyuma. Trekta likiwa kwenye gia litaanza kutembea kabla hujainuka, na tairi lile halina breki ya huruma. Wapo waliozikwa kwa sababu ya bisibisi. Kama swichi ni mbovu, badilisha swichi.

Haya, sasa naja kwenye kitu ninachokishuku kuliko vyote kwenye trekta lako. Fundi wa kwanza alikufungia swichi ya ufunguo ya gari. Tazama manifoldi ya kuingizia hewa. Utaona kitu kama plagi nene kimefungwa humo, kina waya mmoja wa umeme na kibomba chembamba cha mafuta kinachotoka kwenye kikopo kidogo. Kiwandani inaitwa Thermostart; mafundi tunaiita hita. Ndani yake kuna waya wa kupasha na kigololi kinachozuia mafuta. Umeme ukipita, hita inapata moto, mwili wake unatanuka, kigololi kinaachia, na matone ya dizeli yanaangukia kwenye waya ulioiva. Yanawaka. Unakuwa na moto mdogo ndani ya manifoldi, na injini inavuta hewa iliyopita kwenye moto. Ndicho kilichoufanya mtambo huu uwake kwenye baridi ya Uingereza, kwa maana trekta hili lilizaliwa Coventry, ambako asubuhi za Januari zinaiona Makete kama pwani.

Swichi ya asili ina hatua ya joto kabla ya kufikia stata. Swichi nyingi za gari la petroli hazina. Kwa hiyo nitashangaa sana nisipokuta waya wa hita unaning'inia mahali nyuma ya dashibodi, umezungushiwa utepe mweusi. Kilombero hakuna aliyeukosa.

Kuipima ni rahisi. Ichomoe hita kwenye manifoldi, ishike kwa koleo, mwili wake uuguse ethi, na waya wa kupasha uupe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Fanya hivyo mbali na mafuta yaliyomwagika. Ndani ya sekunde 15 hadi 20 waya uwe mwekundu. Inavuta ampia 12 hivi, kwa hiyo usiiunganishe kwa kiwaya cha redio. Ikiwa nyekundu, angalia upande wa mafuta: fungua kile kibomba uone kama dizeli inafika. Nimewahi kukuta kibomba kimezibwa kwa bolti, kwa sababu hita ilikuwa inavuja na mtu akaona suluhisho ni kuziba. Hita kavu inapasha kidogo tu, ila moto haupo. Na hita inayovuja, kigololi kisichokaa, ibadilishwe. Si kifaa cha bei ya kutisha.

Kama hutaki kuhangaika na swichi ya ufunguo, funga kitufe cha kubonyeza chenye kuhimili ampia 20 au zaidi, na fyuzi yake, kwa ajili ya hita peke yake. Kisha kuwasha kuwe hivi: gia huru, mafuta fungua yote, kitufe cha kuzimia kimeingia ndani. Bonyeza hita ukihesabu hadi 20 bila haraka. Ukiwa bado umebonyeza, kanyaga klachi, zungusha. Klachi naisisitiza kwa sababu oili ya giaboksi asubuhi ni kama asali, na ukikanyaga klachi unaipunguzia stata mzigo wa kuikoroga. Ikikataa ndani ya sekunde 10 au 15, achia, subiri dakika nzima betri ipumue, rudia. Wale wanaozungusha dakika mbili mfululizo ndio wanaopika stata.

Sharti moja lisilo na mjadala: hita ikishafanya kazi, ni marufuku kupulizia dawa ya kuwashia au kuweka tambara la petroli kwenye mdomo wa hewa. Umeweka moto ndani ya manifoldi, halafu unaupelekea mvuke wa petroli. Hata bila hita, dawa hizo huwaka mapema mno ndani ya silinda na hupasua ringi. Injini ikishazoea, haitaki tena kuwaka bila hiyo, kwa sababu ringi zimeshapasuka. Mafuta ya taa kwenye tangi nayo usichanganye. Pampu ya CAV inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni membamba mno kwa kazi hiyo. Hapo ndipo fundi wa pili atakapopata pampu ya kupeleka Mbeya.

Makaa sasa. Vijana wako si wajinga. Wamegundua kwa mikono yao kwamba tatizo ni baridi. Ila moto wazi chini ya sampu yenye grisi, karibu na mabomba ya dizeli, siku moja utaondoka na trekta na banda. Tena unapoteza muda kupasha oili wakati kosa huenda ni aina ya oili yenyewe. Kule bondeni wengi hutumia oili namba 40 tupu. Ni nzuri kwa joto. Saa kumi na mbili ya asubuhi Makete namba 40 inageuka gundi, na stata inalazimika kuvuta pistoni tatu kutoka kwenye gundi kabla haijaanza kubana hewa. Muulize aliyekuuzia aliweka oili gani. Kama hakumbuki, imwage. Weka 15W-40. Hili peke yake unaweza kulisikia kwenye mlio wa stata asubuhi inayofuata. Kama bado unataka joto la bure, ndoo ya maji ya moto mimina taratibu juu ya manifoldi ya hewa, au weka maji ya vuguvugu kwenye rejeta. Pampu ya dizeli usiimwagie: ndani yake vyuma vinapishana kwa nafasi isiyoonekana kwa jicho, na ukiupasha upande mmoja ghafla unaweza kuikwamisha.

Turudi kwenye taa ya chaji. Kabla ya lolote, angalia betri yako imefungwa vipi. Matrekta mengi ya zamani ya Uingereza yalitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo ethi, na yapo ambayo bado yako hivyo. Alteneta ya gari inataka hasi iwe kwenye bodi. Ukiifunga kinyume, daiodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua palepale, hata injini haijawaka. Sidhani ndivyo ilivyo kwako, maana usingepata hata huo mwanga hafifu kwa muda mrefu hivi, lakini angalia.

Mwanga hafifu usiozima, mara nyingi, ni daiodi moja au mbili zilizokufa ndani ya alteneta, au kiungo kibovu kati ya alteneta na betri. Washa injini, ikiwa na mwendo wa wastani pima kwenye risasi za betri. Unataka kati ya 13.8 na 14.4. Ukipata 13 au chini, betri yako haijawahi kujaa tangu uinunue. Imekuwa ikiishi njaa, na betri ya risasi ikiishi njaa hufa ndani ya miezi. Hivyo ndivyo unavyoua betri mbili bila betri yoyote kuwa mbovu. Ukipata zaidi ya 15, reguleta, kile kidhibiti cha volti, imekufa na inachemsha betri. Kisha pima palepale nyuma ya alteneta. Kama kule kuna 14.2 na kwenye betri kuna 13.1, alteneta haina kosa, waya ndio mwizi.

Kipo kipimo kingine kisichohitaji mita, na mimi nakipenda. Asubuhi kabla jua halijatoka, trekta likiwa limelala nje, weka kiganja kwenye mwili wa alteneta. Kila chuma pale kitakuwa baridi ya kuuma. Alteneta ikiwa na uvuguvugu, daiodi zinavuja, na usiku kucha betri imekuwa ikiipasha. Ukitaka uhakika, chomoa kibanio cha hasi na uweke balbu ndogo ya volti 12 kati yake na risasi. Kila kitu kikiwa kimezimwa, balbu isiwake. Ikiwaka, chomoa waya mmoja mmoja hadi izime: alteneta, taa za ziada, chaja ya simu. Taa za LED walizofunga vijana zichunguze mapema, mara nyingi huunganishwa moja kwa moja kwenye betri bila swichi wala fyuzi.

Balbu ya taa ya chaji yenyewe isibadilishwe kwa LED. Alteneta nyingi zinaanzishwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyo, wati 2 hivi, na LED haipitishi wa kutosha. Na siku utakapochomelea plau au kibao chochote kwenye trekta, chomoa betri na alteneta kwanza. Kuchomelea kumeua daiodi nyingi.

Dainamo yako ya zamani usiitupe, kwa njia. Haikuwa lazima itolewe. Inatoa ampia 22 hivi kwa ubora wake, inatosha kabisa kwa trekta lisilo na taa nyingi, na mara nyingi ugonjwa wake ni kaboni zilizoisha tu. Mwenye dainamo akitaka kuipima, achomoe nyaya zake mbili, aunganishe sehemu zenye alama D na F pamoja kwa kipande cha waya, aweke mita kati ya hapo na bodi, aongeze mwendo pole pole. Volti zikipanda haraka kupita 15 bila kusita, dainamo ni nzima na aende kutazama reguleta. Asizidishe volti 20.

Ukishasafisha ethi, ukabadilisha oili, ukarudisha hita na kuifanya alteneta ichaji, na trekta bado linagoma, ndipo tuzungumzie injini. Pima nafasi ya valvu, milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Zikibana sana, kompresheni inavuja. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: pumzi ya moshi inayosukuma kiganja ni ringi. Halafu nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zipimwe, zipo tatu tu, na fundi mwenye mashine ya kupimia anazimaliza kwa muda mfupi. Nozeli inayokojoa badala ya kupuliza huwaka mchana na kutoa moshi mweupe asubuhi, kwa hiyo nazo zimo kwenye orodha ya washukiwa. Pampu ni ya mwisho kabisa.

Nakuonea huruma, lakini ungekuwa na lile Massey 35 la kwanza lenye silinda nne, lililotangulia haya ya Perkins ya tatu, ungekuwa unaniandikia barua ndefu kuliko hii. Lile lilisumbua kuwaka hata kwa waliolitengeneza.

Kesho asubuhi, kabla ya makaa, nichukulie namba nne: volti za betri iliyolala, volti wakati wa kuzungusha, volti zinazopotea kwenye ethi, na volti injini ikichaji. Niambie na oili iliyomo ni namba gani, na kama umeuona ule waya wenye utepe mweusi.